Ukumbi Nilioujaribu Wakati wa Baridi

Mwanangu Salima,

Jua bado liko juu. Nimekaa nyuma ya nyumba, juu ya ndoo ya rangi, kwa sababu mezani mke wangu, Tantine wako Zaina, amepanga vitu vyako na hataki hata nzi avisogeze. Salamu nyingi kwako, na salamu kwa treni ya kesho pia, maana hiyo nayo yataka kuombewa.

Mambo ya chandarua, ya vidonge, ya kutokula chakula cha mtu usiyemjua ndani ya behewa, Tantine amekwisha kukuambia mara tatu. Nimemsikia kupitia ukutani. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, nalo limo ndani ya lile bomba la plastiki unalobebea michoro.

Watu wa Kasongo wanakungoja uwajengee ukumbi wa wageni karibu na msikiti wao wa zamani, kwa ajili ya wanaokuja kuzuru makaburi ya masheikh. Wamekuamini, msichana wa miaka ishirini na sita, kwa sababu uliwaonyesha mchoro wa ukumbi uliokwisha kusimama hapa Likasi, pale kwenye ziara, kaburi la Mwalimu wetu wa dini. Na chini ya mchoro, kwa zile herufi zako nzuri za shule, umeandika: “Kwa mfano wa kazi ya mjomba wangu, Ramazani.”

Salima, usiujenge ukumbi ule.

Haya, nimeandika. Sasa ngoja nikueleze, na uvumilie mwandiko wangu. Wajua niliishia darasa la sita, ingawa mwalimu mwenyewe alikuwa akiniita ubaoni nimsaidie hesabu.

Ulikuja kwangu una miaka saba, dada yangu ametoka kuzikwa, na ulikuwa huli. Tantine alipika kila kitu. Siku ya nne nikakuambia ile habari ya mamba wa mto Lufira, jinsi nilivyokuwa nafanya kazi karibu na bwawa la umeme la Mwadingusha, nikaangusha nyundo majini, mamba akaimeza, nikamkaripia mpaka akaitapika. Ukacheka, ukala bukari, ugali wetu, yote. Tangu siku ile sikuweza kuacha. Kila jioni ulidai nyingine, nami nilikuwa nayo. Nilimfundisha Mbelgiji kuchanganya simenti. Nilipanda bomba refu la moshi la kiwanda bila kamba, nikapumzika katikati. Wengine mtaani walikuwa wakisema, “Ramazani, weye uongo yako iko na ngazi!” Wewe ulikuwa unaniamini, na mtu akiaminiwa na mtoto kila jioni, siku moja anajiamini na yeye. (Lakini habari ya mamba ni kweli. Muulize yeyote.)

Ndivyo nilivyopata kazi ya ukumbi. Sikuipata kwa ufundi, niliipata kwa mdomo.

Wewe hukuuona ukumbi wa zamani vizuri, ulikuwa mdogo, halafu ukaenda kusoma Lubumbashi. Ulijengwa na Mzee Kalenga, mwashi, mtu wa hapa hapa Katanga, Mkristo wa kanisa la kule chini. Wazee wetu waliotoka Maniema kuja kufanya kazi mitamboni ndio waliomwita. Alichimba udongo wa kichuguu, akachoma matofali mwenyewe, akainua kuta nene kama urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko na zaidi. Upande unakotoka upepo wa kiangazi akaacha matundu chini, karibu na sakafu. Upande wa pili akaacha matundu juu kabisa, chini ya paa, kwa yale matofali yenye vishimo tunayoita klaustra. Paa aliliinua sana. Uani hakuweka kitu ila udongo na miti, na maji ya udhu yalikuwa yanatoka kwenye mabomba na kufuata kijifereji mpaka kwenye mizizi. Watu wakishatawadha walitembea pekupeku juu ya udongo wenye baridi hadi mlangoni. Ukumbi ule ulikuwa unatumia umeme wa taa nne tu.

Mimi niliangalia vyote hivyo nikaona umaskini.

Komite ya ziara ilitaka jambo dogo. Rangi, paa lililokuwa linavuja, na pazia upande wa akina mama. Mwenyekiti akaniuliza, “Ramazani, utaweza?” Nikamwambia, “Baba, minye nitakupatia ukumbi watu wa Kolwezi na wa Zambia wakifika, badhanie wamefika Maka.” Wakacheka, wakakubali. Mtu akicheka kwa maneno yako ni sawa vile amekwisha kusaini.

Basi nikaanza. Niliziba matundu yote ya Kalenga kwa simenti, ya chini na ya juu, kwa sababu nilikuwa naleta mashine za baridi, zile klima, na sikutaka baridi yangu itoroke. Nilishusha plafond, dari ya plastiki nyeupe, chini ya paa ili ukumbi upendeze kama ofisi. Upande wa akina mama sikuweka pazia, nilijenga ukuta mzima, kwa heshima, nikawaachia mlango mmoja. Upande wa kibla nilitoboa dirisha kubwa la kioo kisichofunguka, ili mgeni akiingia aone mwanga mbele yake. Sikufikiri kwamba hapa kwetu kibla inaelekea kaskazini, na jua la mchana sehemu kubwa ya mwaka linakaa huko huko kaskazini. Nililikaribisha jua ndani kama mgeni rasmi. Uani nilikata miti mitatu, nikamwaga simenti kutoka kwenye mabomba hadi mlangoni.

Nilimaliza Juni. Wajua Juni ya Likasi, asubuhi unavaa makoti mawili. Niliingia peke yangu, nikafunga mlango, nikakaa katikati saa nzima. Jua liliingia kwenye kioo, sakafu ilikuwa na joto tamu, nikavua koti. Nikatoka nikamwambia mwenyekiti, “Nimejaribu. Iko bien, iko muzuri.”

Angalia kosa hilo kwa makini kuliko mengine yote, mwanangu. Nilijaribu ukumbi wa watu mia tatu kwa mtu mmoja, katika mwezi wa baridi.

Maulidi haina msimu. Inatembea na mwezi wa mbinguni, inarudi nyuma kidogo kila mwaka. Mwaka ule iliangukia Oktoba, kabla ya mvua, wakati hata mbwa wanatafuta kivuli cha nguzo. Wageni walijaa. Niliwasha klima zote, nikasimama mlangoni nikipokea sifa. Kasida zikaanza. Zilipofika katikati nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, halafu kila kitu kikazima.

Watu wakaendelea kusoma. Wamezoea. Lakini ule ukumbi haukuwa na pa kutolea pumzi. Mbele jua linapiga kwenye kioo, juu plafond inashikilia joto, na upande wa akina mama ukuta wangu wa heshima. Nikasikia kutoka kule, “Bafungue! Bafungue dirisha!” Na sauti nyingine, “Haifunguke! Hii dirisha haiko na mukono!”

Mama Mwamini, yule muuza makaa, alitoka kwa nguvu zote, akapita mbele ya wanaume bila kuomba njia, akachukua birika la udhu, akalipiga kwenye kioo cha kibla. Mara mbili. Kioo kikaanguka. Akageuka, anatoka jasho, akasema, “Mungu atanisamehe. Hewa nayo ni yake.”

Walibeba akina mama watano nje kwa mlango wao ule mmoja. Wa tatu alikuwa Tantine wako Zaina. Viatu vya wabebaji vilikuwa mlango wa wanaume, na ua wangu wa simenti ulikuwa umechomwa na jua tangu asubuhi. Wale waliowabeba walikuwa wanaruka kama watu wanaocheza, na Tantine, ambaye miguu yake ilikuwa inaburuta juu ya simenti, alipoamka alikuwa na malengelenge kwenye nyayo zote mbili. Alitembea kwa visigino wiki mbili. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini bibi mmoja wa Kolwezi, aliyekuwa anakuja kila mwaka tangu ujana wake, hakurudi tena. Alisema moyo wake uliogopa ule mlango.

Mwenyekiti akanijia. “Ramazani, kumetokea nini?”

Nikasema, “Baba, courant. Mwadingusha imetuangusha.”

Akaitikia kwa kichwa. Watu wote wakaitikia. Hapa kwetu ukisema umeme umekwenda, hakuna anayeuliza swali la pili. Na wewe nilipokupigia simu Lubumbashi ndivyo nilivyokuambia, tena nikaongeza kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyevunja kioo kwa ngumi.

Mwadingusha siku ile ilikuwa inafanya kazi yake. Ng'ambo ya barabara redio ilikuwa inaimba, na kinyozi alikuwa ananyoa kwa mashine. Zilizoungua ni nyaya zangu. Nilikuwa nimefunga klima tatu na feni sita kwenye nyaya za zile taa nne za Kalenga, kwa sababu nilikuwa nimesema kwamba umeme naujua.

Kesho yake Mzee Kalenga akaja. Alikuja kwa baiskeli na ngazi fupi imefungwa nyuma. Alizunguka ukumbi, anagusa mahali nilipoziba, moja moja, kama daktari.

“Ramazani,” akasema, “minye niliacha matundu kumi na mbili.”

“Mzee, ile ilikuwa zamani. Leo kuna klima.”

“Na courant ikienda?”

“Itarudi.”

“Bantu watangojea kupumua mpaka irudi?”

Kulikuwa na watu wanasikiliza. Nikamwambia neno ambalo bado linanichoma. “Mzee, weye ni mujenzi wa vichuguu. Rudi kwa mchwa wako.” Watu wakacheka. Alifunga ngazi yake, akapanda baiskeli. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana.

Tangu hapo ukumbi ni stoo ya mikeka na viti. Wakati wa Maulidi wageni wanakaa nje chini ya maturubai, jenereta inanguruma mpaka kasida hazisikiki vizuri. Komite inasema ni kwa ajili ya baraka ya kuwa karibu na kaburi. Wanaona haya, maana walicheka na kukubali. Tantine naye amenyamaza, kwa ajili yangu. Hiyo ndiyo sababu hakuna aliyekuambia.

Na wewe umekuja kupima mwezi huu wa saba, katika baridi ile ile. Kioo kilikuwa kimekwisha kurudishwa, na mikeka na viti ulidhani vinangoja tu Maulidi.

Ulivua koti katikati ya ukumbi, ukaniambia, “Mjomba, joto lake ni zuri!” Nilikuwa nakushikia mwisho wa utepe wa mita. Uliniuliza, maana wewe umesoma na macho yako si ya bure, “Lakini hewa inatokea wapi? Sioni matundu.” Nikakujibu, “Mwanangu, hiyo ni siri ya mafundi wakubwa.” Ukacheka kile kicheko chako cha utotoni, ukaandika namba. Siku tatu nilishika mita ile nikanyamaza.

Ningenyamaza mpaka leo. Lakini asubuhi nilikusikia kwenye simu na watu wa Kasongo. Kule hakuna umeme wa bwawa, kila kitu kitatoka kwenye mapaneli ya jua. Walikuwa wanalalamika kwamba mapaneli uliyoandika ni mengi mno, na betri zake. Ukawaambia kwa heshima, “Baba zangu, ukumbi wa namna hii unahitaji klima, ndivyo mjomba alivyofanya, na umefaulu.” Nilikuwa nafunga kamba ya sanduku lako. Nikaiachia kamba. Mapaneli yote yale, Salima, yatakuwa yanalisha kosa langu. Na siku betri zitakapochoka, kuna akina mama watakaokuwa upande wa pili wa ukuta.

Basi leo mchana, mlipodhani nimekwenda kuuliza habari za treni, nilipanda taxi-bus kuelekea Buluo, nikashuka, nikamaliza kwa miguu hadi kwa Mzee Kalenga. Nilimkuta anageuza matofali juani. Amezeeka, jicho moja halioni vizuri. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ndefu, yenye methali. Nilipofika nikasema tu, “Mzee, nilikosa.”

Akasema, “Kumbe ulikuja kusema ile. Minye nilifikiri unakuja kununua matofali.”

“Nilikutukana mbele ya bantu.”

“Ndiyo. Na weye ulisema mbele ya bantu, unaomba musamaha hapa mbele ya kuku.”

Nikachuchumaa hapo hapo mbele ya kuku. Nikamwambia habari zako. Akaacha matofali, akavuta kigoda, akanichorea chini kwa kijiti. Urefu wa kila tundu, umbali wake kutoka sakafuni, jinsi upande wa juu unavyopaswa kuwa na matundu makubwa kuliko wa chini, jinsi paa linavyotoka nje ya ukuta ili jua lisiguse tofali mchana. Nimenakili vyote kwenye karatasi ya pili, iko ndani ya bahasha hii. Nimeandika kwa kalamu nyekundu pale ambapo sikuelewa, ili usidhani nimeelewa.

Lakini alinikataza jambo moja. Nilisema, “Basi mutoto atajenga hii yako.” Akafuta mchoro wote kwa mguu. “Hapana. Minye najua upepo ya Likasi. Ya kule siijue. Kule iko na maji mingi hewani, hapa ni kavu. Aende, akae, aulize bamama wenye kufagia ule msikiti wa zamani wanakaa upande gani saa sita. Na kabla hajafunga paa, aingize bantu, wengi, mchana wa joto, bakae. Yeye akae katikati yao.”

Hilo ndilo ninalotaka ulibebe. Mimi nilikuwa nahesabu kinachoonekana kutoka mlangoni. Sikuhesabu atakayekaa nyuma. Kila nilipojenga katika maisha yangu, nilikuwa nawaza mtu anayeingia na kusema “loo!”, sikuwaza anayekaa pale saa tatu na mtoto mgongoni. Hata nyumba hii yetu, jiko la Tantine nililijenga upande wa barabara ili wapita njia waone mabati mapya, na miaka yote hii yeye anakohoa moshi. Sikuona uhusiano wa mambo hayo mpaka leo nilipokuwa natembea kurudi.

Sikuambii usijisifu kabisa. Jisifu, mtu lazima ale kitu. Ila usijisifu kwa jambo ambalo mwingine ataliamini na kulijenga tena.

Ijumaa baada ya sala nitasimama mbele ya jamaa na kusema kwamba zilikuwa nyaya zangu. Nimemwomba Kalenga aje asimame nje ya mlango asikie, akasema atakuja kama baiskeli itakuwa na pumzi. Jumatatu nitaanza kubomoa ule ukuta wa akina mama na kutafuta matundu kumi na mawili kwa nyundo. Tantine bado sijamwambia. Nadhani anajua, maana nilipoingia alinitazama miguu iliyojaa vumbi jekundu, akanipa maji bila kuuliza kama treni itakuja.

Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha kulia, ili usiweze kutoka bila kuisoma. Utakuwa na hasira. Umenitetea kwa watu wakubwa kwenye simu, ukaweka jina lako chini ya jina langu. Ukitaka kunikaripia, nikaripie pale pale steshoni, usinionee huruma kwa sababu ya mvi. Nitabeba sanduku lako hata hivyo.

Lakini lile bomba la plastiki, mwanangu, uliache nyumbani. Najua maana yake. Utafika Kasongo mikono mitupu, na wale wazee watauliza, “Mchoro wetu uko wapi?” Watanung'unika, labda watasema ndiyo maana hawakutaka kumtuma mtoto. Usijifunike na udhuru. Waambie una mjomba Likasi anayeitwa Ramazani, kwamba alikudanganya, na jinsi alivyodanganya, kuanzia nyaya mpaka kioo. Waambie kwa sauti, hata wa nyuma wasikie. Siku zote nimetaka jina langu lifike mbali, na hii itakuwa mara ya kwanza linafika likiwa na habari ya kweli.

Anayekushikia upande wa pili wa mita,
Mjomba wako Ramazani